Ikifa Leta Ngozi

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Kornelia Mayige alifungua laptopu ya mwalimu mmoja wa Dutwa. Alitoa skrubu kumi na moja, akazipanga kwenye kifuniko cha ndoo kwa mpangilio uleule zilivyotoka, akapuliza nyuzi za pamba zilizonasa kwenye feni, akanyanyua betri. Chini ya betri palikuwa na ngozi ya ng'ombe. Akaichomoa, akaikung'uta mlangoni, akaianika kwenye kamba pamoja na zile nyingine, kisha akarudi kwenye benchi kujaza fomu. Feni, nzima. Betri, nzima. Kioo, kizima. Pembeni, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pake, aliandika: ngozi, ipo.

Ilikuwa ya thelathini na nane tangu Machi. Ikiwa imekunjwa ndani ya mashine, ngozi haikuzidi unene wa daftari la shule. Ikikunjuliwa ilifunika benchi lote na kugusa sakafu kulia na kushoto, ikiwa na manyoya yake yote, mkia wake na harufu yake, kama ng'ombe aliyechunwa alfajiri ile. Kornelia alizipaka chumvi upande wa ndani ili zisioze. Chumvi alinunua mwenyewe, maana Kampuni ilimpa fundi bisibisi sita, brashi na mita ya kupimia umeme, ikaishia hapo.

"Kornelia, hebu nikuulize kwa heri tu," alisema Salu, aliyekuwa akiuza chai na maandazi kibarazani. "Hii ni ofisi ya kompyuta au bucha?"

"Ofisi ya kompyuta."

"Mbona wateja wangu wananiulizia supu?"

"Waambie supu kesho."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha ghala la zamani la ushirika. Siku pamba iliporuhusiwa kununuliwa na yeyote mwenye mizani na lori, ushirika ulifunga milango, ukaacha ndoana ya kupimia marobota ikining'inia darini, na panya. Bariadi wakati huo ilikuwa wilaya ya Shinyanga. Ukisema Simiyu, watu walijua unazungumzia mto. Wafanyabiashara waliingia kwa foleni: wa mbegu, wa dawa za pamba, wa simu, wa mikopo, na mwisho ikaja Kampuni na laptopu zake za rangi ya majivu.

Kampuni haikufungua duka. Ilikuwa na akili kuliko hivyo. Ilikwenda na lori kwenye minada ya ng'ombe, kwa sababu pale ndipo mtu hugeuza mifugo kuwa hela, na hela ikiwa bado ina joto la mkono ni rahisi kuitoa. Kila laptopu ilikuwa kwenye boksi lililofungwa kwa gundi, na ndani mlikuwa na kitabu cha waranti, kurasa kumi na moja za Kiingereza. Mpiga debe, kijana wa hukuhuku aliyewajua watu wake, alizifupisha kurasa zile kwa Kisukuma kwenye kipaza sauti. Alisema laptopu hii mwaka wa kwanza ni kama ng'ombe wa kukabidhiwa. Maziwa ukamue wewe, ng'ombe bado ni wetu sote. Ikifa, leta ngozi, tutakupa mwingine.

Watu walielewa mara moja. Huku mwenye ng'ombe wengi huwakabidhi wengine kwa jirani au ndugu awachunge. Anayechunga hunywa maziwa. Ng'ombe akifa, mchungaji hubeba ngozi hadi kwa mwenye mali, hukaa chini, hueleza kifo tangu siku ile mnyama alipokataa majani hadi alipolala. Mwenye mali huitazama ngozi, husema pole, na mchungaji hadaiwi kitu. Anayedaiwa ni yule aliyeficha. Aliyesema alikuwa malishoni kumbe alikuwa kilabuni, huyo ndiye hulipa.

Hakuna aliyeuliza ngozi zilianzaje kutoka kwenye mashine. Kwa watu wengi jambo halikuwa na kona. Laptopu zilikuwepo pale juu ya lori, zimepangwa, wakati neno linasemwa mbele ya ng'ombe mia tatu. Zilisikia. Zilipokufa zilifanya kama zilivyosemewa. Aliyebaki bila kufanya ni Kampuni.

Kazi ya Kornelia ilikuwa kupima, kuandika sababu, na kuandika makadirio ya gharama. Sababu zilikuwa mbili tu. Sababu ya Kwanza ni kosa la kiwandani, na hapo Kampuni inatengeneza bure au inatoa mashine nyingine. Sababu ya Pili ni kosa la mteja, na hapo mteja anapewa makadirio, ambayo kwa kawaida yalizidi kidogo bei ya laptopu mpya. Ukurasa wa pili wa fomu ulikuwa na mistari mitano chini ya maneno Maelezo ya Mteja. Sehemu nyingine za nchi, aliambiwa Kornelia, watu huandika mstari mmoja. Bariadi walikuwa wanaomba karatasi ya ziada.

Wote walieleza kifo. Mwalimu wa Dutwa alijaza kurasa mbili na nusu. Aliandika siku aliyoinunua, meza aliyoiweka, jina la fundi seremala aliyechonga meza, na kwamba mwezi wa pili yeye na mke wake waligombana mbele yake kwa sauti ya juu. Kornelia alizisoma kurasa hizo kwa simu hadi Dar es Salaam, kwenye dawati la waranti, alikokaa kijana mwenye adabu aitwaye Kristofa.

"Walikuwa umbali gani na mashine?" Kristofa aliuliza.

"Hatua mbili, ameandika."

"Mtu akigomba anatoa mate, dada. Mate ni unyevu. Sababu ya Pili."

"Mashine imeungua kwenye njia ya umeme, Kristofa. Nimepima. Mate hayajafika huko."

"Sijasema yamefika. Nasema amekiri."

Katika miezi kumi na minne, Dar ilikubali Sababu ya Kwanza mara nne. Wote wanne walikuwa watumishi waliohamishiwa Bariadi kutoka mbali, na wote waliandika mstari mmoja.

Ngeleja Mihayo aliingia siku ya Alhamisi, na laptopu imeviringishwa ndani ya shuka. Alikuwa mzee mrefu wa Malampaka, ametoka kwake kwa baiskeli hadi Maswa, na kutoka Maswa kwa basi. Alivua kofia mlangoni.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, guku," alijibu Kornelia, yaani babu. "Karibu kiti."

Alikaa, akaiweka shuka magotini, hakuifungua. Laptopu haikuwa yake, alisema. Ni ya Esteria, mke wa marehemu mwanawe. Yeye Ngeleja aliuza ng'ombe wanne mnadani ili Esteria apate kitu cha kumlisha na wajukuu, na Esteria akafungua steshenari ndogo karibu na stesheni ya treni, akawa anachapa barua, maombi ya kazi na kadi za harusi. Sasa kata ilikuwa imempa kazi ya kuchapa mtihani wa majaribio wa darasa la saba, shule sita. Akiufanya vizuri, mitihani yote ya mwaka ni yake. Mtihani ulikuwa wiki mbili na siku moja mbele. Mashine ilikuwa imekufa Jumamosi.

"Nimekuja na mashine," alisema. "Ngozi iko ndani, sijaigusa. Nimeona si vizuri kumchuna mwenyewe bila shahidi."

"Umefanya vyema, guku."

"Basi nikueleze kifo."

Kornelia aliweka kalamu chini. "Guku, kifo tueleze kwa kifupi."

"Kifo hakina kifupi, ng'wana Mayige." Alikuwa ameshasoma jina lake mlangoni. "Tarehe sita Aprili mvua ilinyesha, bati likavuja. Matone matatu. La kwanza lilianguka mezani. La pili kwenye mkono wa Esteria. La tatu lilianguka pembeni ya mashine, hapa, nikalifuta kwa shati hili nililovaa. Mashine ikaendelea kufanya kazi mwezi mzima bila kukohoa. Jumamosi ikawa kwenye chaji, ikapata joto kama mgonjwa wa malaria, ikatoa harufu, ikazima."

"Sawa. Hayo matone tuyaache."

"Tuyaache wapi?"

"Yabaki Malampaka."

Mzee alicheka hadi Salu akachungulia. "Leo nikificha tone, kesho utaniuliza nimeficha nini kingine. Andika."

Kornelia aliandika. Aliandika kwa herufi ndogo sana, kana kwamba Kristofa alikuwa na macho mabaya. Kisha akaifungua mashine, akapima, akaona njia ya umeme imeungua palepale zilipoungua nyingine zote, akanyanyua betri na kuichomoa ngozi. Ilikuwa nyekundu yenye mabaka meupe. Aliikunjua juu ya benchi, na Ngeleja akasimama.

Alipitisha kiganja kinyume na manyoya. Aliishika sehemu ya shingo, akaiinua kuelekea dirishani, akaitazama kama watu wanavyotazama noti. Akaigeuza sehemu ya tumbo, akaitazama zaidi.

"Pale mnadani walisema huyu ni nani?"

"Laptopu mpya, guku."

"Walisema mtamba. Nimesikia kwa masikio yangu, mtamba ambaye hajazaa. Huyu ni maksai."

Kornelia alitazama. Alikuwa mtoto wa mjini Maswa, lakini hakuwa wa mjini kiasi hicho. Ng'ombe alikuwa maksai kweli.

"Na njoo hapa shingoni. Unaona palivyosuguka bila manyoya? Nira. Amevuta jembe huyu, miaka minne, mitano. Wamemvutisha hadi mapafu yamechoka, wakamwosha, wakamtia kwenye boksi." Akalivuta paja la ngozi karibu. "Na alama ya moto hii hapa ya Kampuni, bado mbichi. Chini yake hii hapa ya mwingine, ilishapona zamani."

Alama ya chini ilikuwa namba. Kornelia aliigeuza laptopu, akapasha wembe moto kwenye jiko la Salu, akabandua taratibu karatasi ya namba iliyobandikwa chini ya mashine. Chini ya karatasi hiyo palikuwa na karatasi nyingine, na namba ya karatasi hiyo ilikuwa ileile ya kwenye paja.

Alitoka nje hadi kwenye kamba. Alishika ngozi moja moja shingoni. Zote zilikuwa na nira. Mbili zilikuwa na alama tatu za moto, mojawapo kwa herufi ambazo si zetu. Ya mwalimu wa Dutwa ilikuwa imevuta jembe hadi pembe ya bega ikapinda, na ilipokufa haikuwa na jino. Hilo Ngeleja alilisoma kwenye ngozi ya taya.

Kornelia alirudi ndani akachukua fomu zote alizokuwa bado nazo, akaandika Sababu ya Kwanza kwenye kila moja, kwa herufi kubwa. Akapiga simu Dar.

"Dada Kornelia! Za huko mikoani?"

"Nzuri. Kristofa, mashine zote hizi zilishatumika. Ngozi zina alama za nira."

"Ngozi zisikusumbue, dada. Tunazijua."

"Mnazijua?"

"Zipo Kahama, zipo Geita. Ni kawaida ya kanda hiyo."

"Zimevuta jembe miaka mitano."

"Ngozi ndizo zilizovuta, dada. Mashine ni mpya." Ilisikika karatasi ikigeuzwa. "Huyo mteja wa leo ameandika nini?"

Kornelia aliifunika fomu kwa kiganja.

"Dada?"

"Matone matatu. Moja ndilo lililogusa mashine, pembeni, mwezi mmoja kabla."

"Basi tuhesabu moja, nisimwonee. Sababu ya Pili. Mpe makadirio."

Kornelia aliandika makadirio. Yalikuwa bei ya ng'ombe watano. Ngeleja aliisoma karatasi, akaikunja mara mbili, akaiingiza chini ya mguu wa kiti uliokuwa unayumba, akakaa tena.

"Nitangoja," alisema.

"Unangoja nini, guku?"

"Mwenye ng'ombe. Nimeleta ngozi, nimeeleza. Yeye ndiye bado hajaja."

Alingoja Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ofisi ilipofungwa alingoja kibarazani. Alilala kwa binamu yake mtaa wa pili na kurudi kila alfajiri kabla Salu hajawasha moto. Aliposhindwa kukaa bure aligeuza ngozi juani, akaongeza chumvi palipopungua, akamwonyesha Kornelia jinsi ya kuzivuta kwa vijiti ili zisikunjamane. Salu alimpa chai, na kwa kuwa chai yake haikuwa ya bure kwa mtu yeyote, alijilipa kwa maneno.

"Mzee huyu kaja kutengeneza kompyuta au kaja kuoa?"

"Kuoa ningeleta ng'ombe," alijibu Ngeleja. "Ng'ombe wanao wao."

Jumatatu mchana lilikuja gari la Kampuni. Hakushuka meneja, wala fundi mkuu. Alishuka dereva, Anatoli, na karatasi yenye muhuri. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba, kwa mujibu wa ukurasa wa tisa, kila kitakachotolewa ndani ya mashine ni mali ya Kampuni. Ngozi zilikuwa na soko zuri nje. Anatoli alikuja kuzibeba.

Alizihesabu kwenye kamba. Arobaini. Na moja juu ya benchi, arobaini na moja.

Kornelia aliposikia alisimama mlangoni, na pengine angesema jambo ambalo lingemfukuzisha kazi. Lakini Ngeleja aliinuka kabla yake, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeona mgeni wake akitokea barabarani. Aliibeba mwenyewe ngozi ya Esteria, ameikunja vizuri, mkia ndani.

"Kijana, umetumwa na mwenye mali?"

"Nimetumwa na Kampuni, mzee."

"Ndiye huyo. Pokea kwa mikono miwili."

Anatoli alikuwa na haraka. Alipokea kwa mikono miwili.

"Salu, umeona?"

"Nimeona."

"Ng'wana Mayige, umeona?"

Kornelia alisema ameona. Kwa Ngeleja shauri lilikuwa limekwisha. Mwenye ng'ombe akishaipokea ngozi amekikubali kifo, hawezi tena kuamka kesho akasema ulimuua wewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa baba yake, na kwa baba wa baba yake, na hakuna mtu katika Malampaka yote, hata yule mwizi anayejulikana, aliyewahi kupokea ngozi kisha akakataa kifo. Alimsaidia Anatoli kupakia zile arobaini. Alifunga kamba ya turubai kwa fundo la mkokoteni na akamwambia aendeshe polepole kwenye makorongo. Gari lilipoondoka alinunua maandazi sita, akagawa.

Jibu lilikuja Jumanne kwa simu ya Kornelia, ujumbe mfupi. Ngozi imepokelewa. Dai limekataliwa.

Kornelia alimsomea mara moja. Hakuombwa kurudia. Ngeleja alitazama ndoana ya mizani iliyokuwa inaning'inia darini, akauliza kama ni ileile iliyokuwa ikipima pamba zamani. Kornelia akasema ni ileile. "Ile nayo ilikuwa inaiba," alisema mzee, "lakini ilikuwa inaona haya. Ilikuwa inaiba kilo mbili, tatu."

Kesho yake basi la asubuhi lilileta bahasha ya fomu mpya. Zilikuwa zimechapwa vizuri kuliko zile za kwanza. Baada ya feni, betri na kioo, sasa kulikuwa na mstari: Ngozi, ipo au haipo. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo: Kupokelewa kwa ngozi si kukubali dai.

Basi hilohilo lilimleta Esteria. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye wino vidoleni. Alimpigia magoti baba mkwe wake, akamwuliza kama amekula, kisha akainuka akamgeukia Kornelia bila salamu.

"Dada fundi, mzee wangu amekaa kwenye kiti chako siku saba. Mtihani ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mratibu elimu wa kata amenipa mpaka Jumatatu, halafu kazi inakwenda Maswa. Nieleze mimi."

Kornelia alimweleza. Matone, nira, alama mbili, Anatoli, ujumbe. Esteria alisikiliza huku anang'ata mdomo. Hakushangazwa na ngozi. Alichouliza ni hiki:

"Wale wanne waliokubaliwa, waliandika nini?"

"Ilizima tu yenyewe."

"Basi?"

"Maneno matatu, dada. Mmoja hakuweka hata nukta."

Esteria alinyoosha mkono. Kornelia alimtazama mzee, akaitazama bahasha, akachomoa fomu moja mpya. Namba ya mashine ya Esteria ilikuwa tayari imekataliwa Dar, kwa hiyo aliandika ile nyingine, ya karatasi iliyofichwa chini. Hakuwa na hakika kama Kampuni ingeitambua. Kisha akamsogezea Esteria kalamu.

"Mayu, mama," alisema Ngeleja.

Esteria alisimamisha mkono, hakugeuka. "Naam, baba."

"Na tone?"

"Tone nitalikumbuka mimi, baba."

"Ulikuwepo lilipoanguka."

"Nilikuwepo. La pili lilinianguka mkononi. Watoto wa shule sita hawawezi kufanya mtihani juu ya tone."

Mashine ilikuwa ya Esteria, na mzee alikuwa mtu wa kuheshimu mwenye mali. Alivaa kofia, akatoka kukaa na Salu. Esteria aliandika maneno matatu, akaweka nukta.

Kristofa aliipata namba ile kwenye orodha yake bila shida yoyote. Wala hakuuliza karatasi ilikuwa wapi siku zote. "Umeona, dada Kornelia? Huyu mteja anajua kujieleza. Wangekuwa wote hivi tungefika mbali." Sababu ya Kwanza ilikubaliwa kwa dakika kumi na nane. Hilo lilikuwa dai la tano.

Mashine ya kubadilisha ilifika Ijumaa kwa basi, kwenye boksi lililofungwa kwa gundi. Kornelia hakuruhusiwa kulifungua. Aliliinua, akalitikisa kidogo karibu na sikio, akalikabidhi. Ngeleja alilibeba magotini kutoka Bariadi hadi Maswa, akaiparamia baiskeli yake nalo limefungwa mgongoni kwa shuka na Esteria amepakiwa nyuma, na njia yote hakumwambia Esteria neno, isipokuwa kumwonya kuhusu shimo.

Mtihani ulichapwa. Shule sita zilifanya, kata ikampa Esteria mitihani iliyobaki ya mwaka. Kornelia aliendelea kuandika Sababu ya Kwanza kwenye kila fomu na Dar ikaendelea kuifuta, hadi watu walipojua njia. Walianza kuja Malampaka. Walikuja na fomu tupu, wanamwomba Esteria awaandikie yale maneno kwa mashine, yakae rasmi. Ngeleja alikuwa anakaa nje ya mlango wa steshenari, na kila aliyekuja alimsalimu, akamtazama anaingia, akamtazama anatoka. Mwalimu wa Dutwa naye alikuja, safari ya siku nzima.

"Hata wewe," alisema Ngeleja. "Kurasa mbili na nusu."

"Nimechoka, guku. Ukweli wangu unanilia nauli."

Mwezi Agosti, Jumamosi moja saa nne asubuhi, Ngeleja alisikia sauti ya kukwaruza ndani. Aliingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti kile tangu mashine mpya ije. Esteria alikuwa ameipindua mezani, kioo chini, na anainyoa kwa wembe. Manyoya yalikuwa yameota upande wote wa chini, yamefika urefu wa ukucha, na mashine ilikuwa haikai tena sawa mezani. Kando yake kulikuwa na bakuli la povu zito la sabuni, linakaribia kukauka, maana maji hakuthubutu kuyasogeza karibu na mashine.

"Ilianza lini?"

"Wiki ya tatu sasa, baba. Nanyoa kila Jumamosi. Nisiponyoa feni inavuta manyoya."

Ngeleja aliokota manyoya machache sakafuni, akayasugua kati ya vidole, akayapeleka mlangoni penye mwanga. Yalikuwa mekundu, na kila mahali palichanganyika nywele nyeupe, ngumu.

"Mvi," alisema.

"Najua, baba."

"Huyu ni mzee kuliko yule."

"Najua."

"Waranti inakwisha lini?"

"Oktoba, mwishoni."

"Akifa kabla?"

"Nitaandika ilizima tu."

"Na akifa baada?"

Esteria alifuta wembe kwenye kanga yake. Nje kulikuwa na watu wawili wameshafika na fomu zao, wamekaa kwenye benchi, wanangoja. Shule zilikuwa zimeleta mtihani mwingine, kurasa ishirini, ulikuwa juu ya rafu. Akarudisha wembe kwenye manyoya.

Ngeleja alimtazama akinyoa.

"Unamkata," alisema mwishoni. "Unakwenda kinyume."

Alikuja upande wa pili wa meza, akaishika mashine kwa mikono miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama anavyobanwa ndama asirushe miguu. Ilikuwa na joto. Esteria alinyoa.